Lira ya Papa sokoni Roma: uhuru wa sura, si uhuru wa fedha

Ipo hoja inayorudiwa sana siku hizi na wanaopinga sarafu moja ya Afrika Mashariki. Tazameni San Marino, wanasema, tazameni Vatikani. Vijinchi hivyo vimezungukwa pande zote na Italia, lakini vilikuwa na lira zao wenyewe, zenye nembo na sura za wakuu wao, na Mwitalia alizipokea bila swali. Ikiwa dola isiyofika nusu kilomita ya mraba iliweza kulinda fedha yake mbele ya jirani mkubwa kiasi kile, kwa nini sisi tuzizike shilingi na faranga zetu? Hoja hii ina mvuto, na sehemu yake ya kwanza ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba ushahidi wenyewe unathibitisha kinyume cha kile inachodai.

Nianze na ukweli wake. Ndiyo, sarafu hizo zilizunguka Italia, tena kwa mujibu wa sheria. San Marino ilifunga mkataba na Ufalme wa Italia mwaka 1862, na miaka miwili baadaye ikatoa sarafu yake ya kwanza, ya shaba, yenye thamani ya sentesimi 5. Vatikani, iliyozaliwa kwa Mapatano ya Laterano ya 1929, ilitia saini mkataba wake wa fedha mwaka 1930: lira za Papa zikawa malipo halali Italia, na lira za Italia zikawa malipo halali ndani ya kuta za Vatikani. Muuzaji wa mboga wa Roma aliyepewa lira 100 zenye sura ya Papa hakuwa na haki ya kuzikataa.

Sasa tuulize swali ambalo watetezi wa hoja hii hulikwepa: kilichokuwa kikizunguka ni fedha ya nani? Sarafu ya Vatikani ilipaswa kulingana na ya Italia kwa uzito, madini na ukubwa. Ilitengenezwa Roma, katika kiwanda cha sarafu cha dola ya Italia. Kiasi chake kilipangwa kwa makubaliano na Italia. Lira ya Italia iliposhuka thamani, ya Papa ilishuka nayo siku hiyohiyo. Italia ilipotoa sarafu ya lira 500 ya madini mawili, vijinchi hivyo viwili vilifuata kwa umbo lilelile. Walichomiliki wao ni picha. Fedha yenyewe ilikuwa ya Italia iliyovishwa kanzu ya jirani, na ndiyo sababu haikumpa mtu yeyote wasiwasi.

Anayetaka kuona hali huwaje pale mtawala mdogo anapotaka uhuru wa kweli wa kutoa fedha, arudi nyuma hadi mwaka 1866. Wakati huo Papa Pius IX bado alitawala Roma na maeneo yanayoizunguka. Aliacha fedha ya zamani, skudo, akaanzisha lira yake kwa thamani sawa na ya Italia na sawa na faranga ya Ufaransa. Alitaka manufaa ya Umoja wa Fedha wa Kilatini, ambamo sarafu za Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilipokelewa baina ya nchi hizo. Lakini umoja huo ulikuwa na sharti: sarafu ndogo za fedha zisizidi faranga 6 kwa kila mkazi. Serikali ya Papa, ambayo haikuwahi kuwa mwanachama kamili, ilikuwa na hazina tupu na jeshi la kulipa. Ikatoa sarafu ndogo kupita kiwango hicho kwa mbali sana. Kufikia 1870 mabenki ya Ufaransa yalikuwa yakizikataa. Hakuna jirani aliyejali utakatifu wa sura iliyochorwa juu yake. Walihesabu sarafu, wakahesabu watu, wakafunga mlango.

Na hata ile lira ya baadaye, iliyokubalika kisheria, ilizunguka kwa kiasi gani? Ilitolewa kidogo, na sehemu kubwa iliishia kwenye visanduku vya wakusanyaji. Linganisha na kipande kingine kilichokuwa mifukoni mwa Waitalia: tokeni ya simu, kidude cha madini chenye mifereji, kisicho na sura ya mfalme wala ya Papa. Katika miaka ya 1970, sarafu ndogo zilipoadimika Italia, tokeni hiyo ilitumika kama chenji ya lira 50, na iliendelea kupanda bei pamoja na bei ya simu. Haikuwa fedha ya dola yoyote. Ilipokelewa kwa sababu kila mtu alijua kitu gani kingetolewa kwa ajili yake. Wanaoamini kwamba nembo ndiyo huipa sarafu thamani wangefaa kuitafakari tokeni hiyo.

Ilipokuja yuro, mambo yaliwekwa wazi zaidi. Mkataba wa mwaka 2000 uliiwekea Vatikani ukomo wa yuro 670,000 kwa mwaka, na nyongeza ndogo kwa miaka maalumu, kama ule ambao kiti cha Papa kinabaki wazi. Sarafu hizo ni halali katika eneo lote la yuro, lakini seti za mwanzo ziliuzwa kwa wakusanyaji kwa bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Hali ilifikia hatua kwamba mkataba mpya wa 2009 uliilazimisha Vatikani kuziingiza angalau asilimia 51 ya sarafu zake katika mzunguko kwa thamani yake halisi. Hebu fikiri: dola inalazimishwa kwa mkataba kuitumia fedha yake kama fedha!

Narudi kwetu. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na lengo lake la 2024 limesogezwa hadi 2031. Mwaka huohuo wa 2024 ilivuma mitandaoni habari ya uongo kwamba Jumuiya imezindua fedha iitwayo Sheafra. Jumuiya ilikanusha. Kilichonisikitisha ni kuwaona vijana wasomi wakibishana kwa shauku juu ya picha za noti ambazo hazipo, ilhali itifaki iliyopo hawajaifungua. Ndani yake mna viwango vinne: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisilozidi asilimia 50 kwa thamani yake ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya uagizaji. Mbunge au mwanaharakati anayekuja kwetu na wimbo wa heshima ya shilingi aanze na viwango hivyo: nchi yake imefikia vingapi, imeshindwa vipi, na ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kuwaambia wakubwa wa Dodoma, Nairobi au Kampala kwamba mwaka huu wamekopa kupita kiasi.