Kamera ya Afisa na Alama ya Ngamia

Msomaji, wako watu wasemao kwamba kamera haiwezi kusema uongo. Neno hilo ni tamu masikioni, lakini halina ukweli mzima. Ushahidi upo Garissa.

Itazame kwanza kamera yenyewe. Kamera ndogo ya sinema ya milimita 8, aina iliyoletwa na Kodak mwaka 1932, ilitiwa ufunguo kama saa. Ukanda wake mmoja ulitoa picha za dakika nne hivi, tena bila sauti. Basi mwenye kamera alichagua kila mara lipi alipige na lipi aliache.

Mtazame na mwenyewe. Sheria za mwaka 1926 na 1934 ziliifunga nchi ya kaskazini. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Katika nchi iliyofungwa hivyo, chombo hicho cha anasa kilikuwa mikononi mwa nani, ila afisa?

Ndipo vita vikaja. Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale. Februari 1941 majeshi ya Waingereza yalitoka upande wa mto Tana, penye Garissa na Bura, yakavuka mpaka. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Katika majeshi hayo walikuwamo askari wa Keya, na Waafrika wenzao kutoka Gold Coast na Nigeria. Walipita nchi kame, ambamo kujua kisima kulikuwa ni kujua uhai.

Katika kanda za siku zile, mara nyingi mwenye kamera hujulikana kwa jina na cheo. Askari aliyepita mbele yake ni "askari" tu. Mfugaji aliyesimama kisimani ni "mwenyeji" tu.

Simlaumu afisa. Alikuwa mbali na kwao, katika vita ambavyo huenda asingerudi, naye alipiga picha kwa ajili ya jamaa zake. Lawama ni yetu sisi, tunapoitwaa kumbukumbu ya nyumba moja tukaiita historia ya nchi nzima.

Kanda nyingi za Waingereza waliokaa Afrika zimehifadhiwa kwao, nyingine katika mji wa Bristol. Haitoshi zitazamwe huko. Nakala zake zionyeshwe Garissa, Wajir na Moyale, mbele ya wazee waliosikia habari za vita vile vinywani mwa baba zao. Afisa aliona ngamia; mfugaji huona alama iliyochomwa ubavuni au shingoni mwa ngamia, na kwa alama hiyo huutambua ukoo. Nani basi aujuaye zaidi ukanda ule, aliyeupiga au awezaye kuusoma?

Nawe mwanafunzi, usingoje kanda zirudi. Chukua daftari, umwendee babu yako, uandike majina angali anayakumbuka. Picha hukaa miaka mingi sandukuni, mzee hakai.