Asilimia ya Exetat haihesabu siku za kukimbia

Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, Goma nzima inajua. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, vigelegele na honi za pikipiki vinajaa barabarani. Lakini kuna nyumba ambazo zinafunga mlango. Humo kuna mtoto ambaye hakufikisha 50%, na tayari jirani anamwita mjinga.

Je, ni mjinga kweli? Tangu 1967 mtihani huu wa taifa unawapima wanafunzi wanaomaliza sekondari Kongo yote kwa kipimo kimoja. Wengi wanasema hiyo ndiyo haki. Kwenye karatasi ni haki. Lakini mtoto wa Kinshasa aliyesoma mwaka mzima hayuko sawa na mtoto wa Masisi au Rutshuru. Huyu alisoma miezi michache, risasi zikaanza, mwalimu akakimbia, na darasa likageuka mahali pa kulala familia zilizokimbia vita. Asilimia yake inaonyesha zaidi miezi aliyokosa shule kuliko akili aliyo nayo.

Wako wanaotaka Exetat ifutwe. Hapana. Bila mtihani wa pamoja, diplome itakuwa ya mwenye pesa na mwenye mjomba ofisini. Kosa ni kuifanya namba moja kuwa hukumu ya maisha.

Kuna mambo yanayowezekana leo. Prefe anayemrudisha mtoto kwa sababu hana buletini ajiulize: nyumba ikiungua, buletini itabaki wapi? Ampe mtihani mdogo wa hesabu na Kifaransa, aone kiwango chake, amuweke darasani. Serikali nayo, kabla ya kumdai mwanafunzi aliyekimbia vita majibu ya mtihani, imlipie kwanza mwalimu wa kumrudishia masomo aliyoyapoteza. Na mzazi asimpige mtoto kwa namba ambayo vita vimesaidia kuiandika.

Poda imwagwe, maana waliofaulu wamefanya kazi. Lakini yule aliyepata 48% baada ya kuhama mara tatu hastahili kuchekwa. Anastahili dawati, kalamu, na mwaka mmoja wa shule usio na mlio wa risasi. Hapo ndipo mtihani utaweza kusema ukweli juu yake.