Vyuo vikuu vya umma visigeuzwe milki ya wenyeji

MTAA wa Milimani mjini Kisumu ulitengewa Wazungu enzi za ukoloni, huku Wahindi na Waafrika wakiwekewa sehemu zao. Baada ya uhuru wa 1963, mpaka huo wa rangi uliondolewa na mtaa ukawa wazi kwa kila mwenye kumudu kodi. Ni ajabu basi kwamba miongo sita baadaye, baadhi ya viongozi wangali wanataka kuweka mipaka ya kabila katika vyuo vikuu vya umma.

Mnamo Septemba 2016, viongozi wa kaunti waliandamana mjini Eldoret kupinga kuteuliwa kwa Profesa Laban Ayiro kuwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Hoja yao haikuwa elimu yake wala tajriba yake. Walitaka mwenyeji.

Msimamo huo unakinzana na sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuteketeza maduka mengi Kisumu, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 nacho kinaamuru jamii ndogo na zilizotengwa zipewe nafasi maalumu katika elimu na uchumi.

Wapinzani wa mpango huu hudai kwamba wenyeji ndio waliotoa ardhi, hivyo ajira ni haki yao. Dai hilo lina uzito kwa kazi za vibarua, walinzi na wapishi. Lakini mhadhiri hulipwa kwa kodi ya Wakenya wote, na wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali hupangiwa vyuo kote nchini. Msichana wa Garissa anayepelekwa Maseno, au mvulana wa Siaya anayepelekwa Eldoret, hawezi kujihisi nyumbani iwapo kila ofisi anayoingia inazungumza lugha ya mama asiyoielewa. Atahitimu na shahada, ila bila kumjua Mkenya mwenzake.

Aidha, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wasomi wengi kutoka Nyanza wanafundisha Nairobi, Rift Valley na Pwani. Kila eneo likifunga mlango wake, watoto wa Kisumu watakuwa miongoni mwa watakaoumia zaidi.

Serikali haina budi kuhakikisha kuwa nafasi za wahadhiri na wasimamizi zinatangazwa kitaifa, na mabaraza ya vyuo yanayokiuka kiwango cha thuluthi moja yanawajibishwa. Sheria isiyotekelezwa ni karatasi tu.