Redio Isiyoogopa Mvua: Je, Yafaa Nyumbani Mwetu?



Wapenzi wasomaji, akina mama na akina baba, juma hili naomba mniruhusu niyaache mas-ala ya malezi niliyoyazoea, nizungumzie chombo cha mawasiliano. Sababu yenyewe ni ya kifamilia.

Binti yangu ameolewa Kericho, na nyumba yake i katikati ya mashamba ya chai, upande wa kuelekea Bomet. Akiwa na mimba ya miezi minane, usiku mmoja ilipiga mvua ya mawe, umeme ukakatika, na kulipokucha simu zote zilikuwa hazina mtandao. Kwa siku mbili mama yake, huku Mombasa, hakula akashiba wala hakulala akapumzika. Alhamdulillah, kheri ilikuwapo. Lakini tulipokwenda kumzuru, mama alikuwa na swali moja tu: tufanye nini, lisitufike tena?

Jirani yao ni mzee wa Kikipsigis aliyestaafu kazi ya ufundi, naye ana leseni ya redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni ile ambayo mtu huitumia kwa kujifunza na kuwasiliana na wenziwe, bila biashara wala malipo. Mzee huyo ana redio moja ya mkononi, ngumu, iliyotengenezwa isiingie maji. Akaniambia, "Sheikh, ijaribu mwenyewe, kisha umjibu mama." Jina la kampuni sitalitaja, maana sikuja kumtangazia mfanyabiashara yeyote.

Nilianza na maji. Redio za namna hii huandikwa alama ya IP67. Tarakimu ya 6 maana yake vumbi haliingii; na ya 7 maana yake chombo huhimili kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Tukaitia katika ndoo kwa nusu saa, huku mvua ya alasiri ikitunyeshea. Ilipotolewa ilifanya kazi, ila sauti ilikuwa kama ya mtu aliyefumba mdomo, kwa kuwa maji yalijaa katika matundu ya kipaza sauti. Tuliikung'uta, sauti ikarejea. Mzee akanionya mambo mawili. Kwanza, kizibo cha mpira kinachofunika tundu la chaji kikilegea, hakuna kinga tena. Pili, majaribio ya alama hiyo hufanywa kwa maji matamu. Nanyi mlio pwani lizingatieni hili: chumvi hula chuma, hivyo chombo kilichorushiwa maji ya bahari kisuuzwe kwa maji matamu na kikaushwe kabla ya kuchajiwa.

Kisha tukajaribu masafa. Nguvu yake ni wati 5, na hutumia masafa ya megahezi 144 na 430. Mawimbi haya huenda kwa kunyooka kama macho yaonavyo. Mzee alibaki ukingoni mwa kilima akizungumza na mwenziwe mwenye leseni aliye ng'ambo, nami nikashuka bondeni na redio ya pili, nikisikiliza tu. Kati ya mistari ya michai niliwasikia wazi. Nilipofika mtoni, palipo chini kabisa, sauti ilikatika kama uzi. Nikapanda hatua chache, ikarudi. Hapo nikafahamu kwamba kilima kimoja kina nguvu kuliko bei ya redio, na kwamba mwenye redio duni aliye juu humshinda mwenye redio bora aliye shimoni.

Mama akauliza, "Je, nikiwa Mombasa nitamsikia mwanangu?" La. Toka huko hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Masafa ya mbali hivyo huhitaji redio kubwa ya mawimbi mafupi, ambayo mawimbi yake hugonga tabaka za juu za anga yakarudi ardhini, pamoja na antena ndefu ya waya. Redio ya mkononi ni ya kumfikia jirani, si ya kumfikia mama aliye mbali.

Sheria nayo ina nafasi yake. Nchini kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na majina ya vituo vyetu huanza na 5Z. Kununua chombo si ruhusa ya kusema ndani yake. Aidha, katika redio hii hakuna faragha: neno moja husikiwa na kila aliye katika masafa hayo. Siri za nyumba, maradhi ya mtu na habari za mabinti zetu si za kutangazwa humo. Nanyi wenye waume wavuvi, msiwanunulie hii mkidhani ni ya bahari. Chomboni hutumika redio ya bahari, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuombea msaada.

Basi hukumu yangu ni ipi? Chombo ni kizuri. Kimetimiza kilichoandikwa juu yake. Lakini sikumnunulia binti yangu. Hana leseni, na lau angekuwa nayo, usiku ule angemwita nani? Redio isiyo na msikilizaji ni jiwe lenye betri. Badala yake tulimnunulia betri ya akiba ya kuchajia simu na taa ya sola. Mkwe wangu akapatana na dereva wa jirani kwamba zikikatika simu atapita mlangoni asubuhi na jioni. Nambari ya mkunga ikaandikwa ukutani. Na mkwe ameanza kujifunza kwa yule mzee ili aombe leseni. Akiipata, na wakipatikana wawili watatu zaidi katika vilima vile, hapo redio isiyoogopa mvua itakuwa na thamani, na huenda nikachangia bei yake.

Kutawakali kwetu hakutuondolei wajibu wa kuchukua sababu. Ila tuanze na sababu iliyo karibu na mkono: jirani anayejua kwamba mlangoni mwako mna mja mzito. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila nyumba ijiulize: simu zikizimika, nani atakuja kutubishia hodi?

Mjukuu amezaliwa salama, nasi tunawaomba dua.

Wallahu a'lam. Wassalaam.