Tuache Kumcheka Charlotte, Elizabeth Alibahatika Tu!

Mashabiki wa stori za mapenzi za Uingereza ya zamani, zile za magauni marefu na dansi kwenye majumba ya matajiri, wana tatizo moja. Mdada akimtosa mchumba wanashangilia, "huyo ndo mwanamke!" Akikubali, wanamwita mwenye njaa.

Chukua Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813. Baba yake Elizabeth Bennet ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Akifa, nyumba na ardhi vinaenda kwa ndugu wa kiume, mchungaji Collins. Collins anamposa Elizabeth, anatoswa. Hazipiti siku nyingi anamposa shoga yake, Charlotte, miaka 27. Charlotte anakubali. Hampendi, anataka kwake.

Hapo ndo watu wanaanza kucheka. Wanacheka nini jamani? Charlotte hana mali wala urembo wa kutisha. Kazi ya heshima kwa mwanamke wa tabaka lake ilikuwa kufundisha watoto wa wenzake majumbani. Asipoolewa, atakula kwa huruma ya kaka zake.

Elizabeth ni jasiri, hakuna ubishi. Hata Darcy alimkataa mara ya kwanza. Ila mwishowe anaolewa na huyo huyo Darcy, mwenye kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka! Sasa wale waliokataa halafu Darcy hakutokea je?

Jane Austen mwenyewe ni mmoja wao. Desemba 1802, akikaribia miaka 27, aliposwa na kijana mrithi wa shamba kubwa. Jioni akakubali, asubuhi akakataa. Darcy hakuja. Baba yake alipofariki 1805, yeye, mama na dada yake wakaishi kwa kutegemea michango ya kaka zake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1811 bila jina lake. Akafa 1817, hajaolewa.

Huyo ndo aliijua bei ya kukataa, na bado hakumfanya Charlotte kituko. Alimpa nyumba, kuku wa kufuga na chumba cha kukaa mbali na kelele za mume.

Kwa hiyo wenye hasira wazielekeze kwenye sheria na mila zilizowaachia wanawake mlango mmoja tu, ndoa. Charlotte alipita palipokuwa wazi.

Haya mdau, bila unafiki: huna senti, una miaka 27, Collins kapiga hodi. Unamtosa?