Mpira wetu ulisomea chuoni, tuurudishe chuoni

Ukitaka Jang'ombe watu wabishane mpaka kahawa ipoe, taja Boys na Taifa. Juzi barzani ubishi ulikuwa ule ule: nani alimsumbua zaidi Simba katika Kombe la Mapinduzi la 2017, mwaka ambao mtaa wetu uliingiza timu mbili kundi moja. Wa Taifa wanajitapa kufungwa 2-1, wanawacheka wa Boys waliofungwa 2-0. Ndiyo sisi hao, hata kipigo tunakifanyia sherehe.

Pembeni alikaa babu mmoja, mwalimu mstaafu. Akatuacha tumalize kelele, kisha akatuuliza swali dogo: mpira huu tunaougombania, ulisomea wapi? Kimya.

Jibu halipo mbali. Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe, palikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa UMCA. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kabla ya karne ya 19 kumalizika, vijana wale walikuwa tayari wanasakata kabumbu na kucheza na Waingereza. Wakihitimu walipelekwa kufundisha Magila, Masasi na kwengineko bara, na mpira ukaondoka nao. Mwaka 1925 chuo kikahamia Minaki, Kisarawe.

Baadaye mzigo huo ukabebwa na vyuo vya ualimu vya serikali, Dole na Beit el Ras. Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi alisomea ualimu hapa Zanzibar miaka ya 1940. Beit el Ras, baada ya Mapinduzi ya 1964, ndiyo ikaitwa Nkrumah, na leo ni sehemu ya SUZA.

Babu yetu alicheza timu ya chuo miaka ya 1950. Msimu wake, kwa alivyotuhadithia, haukuwa na maajabu. Kwenda mechi ni kwa baiskeli, njumu za kuazimana, na timu za mjini zikiwafunga watakavyo pale Mnazi Mmoja. Kombe hawakulishika. Lakini msimu ulipokwisha kila mchezaji alipangiwa skuli yake: huyu Makunduchi, yule Mkokotoni, mwengine akavuka Pemba. Mwaka uliofuata kila mmoja ana timu yake ya watoto, na watoto wenyewe ni wale wale anaowafundisha hesabu asubuhi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Timu ya mtaa inajisifu kwa wachezaji iliowabakisha. Timu ya chuo hesabu yake ni ya wale walioondoka.

Zama hizo ndizo Zanzibar ilipoingia Kombe la Gossage, mwishoni mwa miaka ya 1940, kupambana na Kenya, Uganda na Tanganyika. Kombe lile lenye jina la watengenezaji sabuni wa Uingereza hatukulitwaa hata mara moja. Likabadilishwa majina, tukasubiri mpaka 1995 ndipo tukabeba la Chalenji kule Uganda. Mbegu ya mpira haioti kwa msimu mmoja, na mpandaji mara nyingi hauoni mti.

Sasa tujitazame. Leo kijana wa Jang'ombe mwenye kipaji anaambiwa achague: kitabu au mpira. Ninaye rafiki, nilisoma naye, aliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu mazoezi ya timu yake yaligongana na vipindi. Goti likamsaliti kabla hajasajiliwa na timu ya maana. Cheti hana, timu hana. Tukipita anatusalimia kwa kucheka, lakini mechi haji kuangalia tena.

Najua nitaambiwa nyakati zimebadilika, mpira sasa ni ajira. Sawa, lakini wangapi inawalipa? Na ikiwa ni ajira, kwa nini iwe ajira pekee isiyotaka mtu asome?

Ombi langu kwa ZFF na vyuo vyetu si la gharama kubwa. SUZA, Karume na vyengine viwe na ligi yao yenye ratiba inayoeleweka, wapewe uwanja wa Mao hata jioni moja kwa wiki, na matokeo yaandikwe gazetini kama ya ligi kuu. Klabu nazo, nikianza na zetu za Jang'ombe, zipange mazoezi ya vijana baada ya vipindi. Kocha anayemuuliza mchezaji wake habari za mtihani hajapoteza muda.

Na sisi wa barzani tuwaulize babu zetu wangali hai. Yule wetu alipomaliza kahawa yake, mmoja wa Taifa na mmoja wa Boys waliinuka pamoja kumshika mkono hadi mlangoni kwake. Wakarudi wanabishana, lakini safari hii kila mmoja anadai babu ni shabiki wa upande wake.