Ujira wa Mwanagenzi wa Matbaa

Katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya kuandikia pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali ambapo malori ya Kigoma huachana na yale yaendayo Rusumo, nilimkuta kijana wa miaka 19 amepiga magoti mbele ya beseni, anaosha fremu ya kuchapia fulana. Fremu hiyo ni mbao 4 zilizopigiliwa pamoja, na juu yake kitambaa chembamba kilichokazwa mfano wa ngozi ya ngoma, nacho hupakwa dawa ambayo ikipigwa na mwanga huwa ngumu, isipokuwa pale palipofunikwa na maandishi; maji huyaondoa yale yaliyosalia laini, na wino hupita katika matundu hayo hayo hadi kwenye nguo. Akisugua kwa pupa, kitambaa huraruka. Akisugua kwa woga, mabaki ya dawa huziba njia, na herufi ya kesho hutoka na pengo. Kwa kazi hiyo, pamoja na kufagia, kubeba marobota na kutumwa sokoni, alikuwa akilipwa shilingi 3,000 kwa siku.

Nilipoyasimulia haya mbele ya wazee wenzangu, aghalabu walinijibu kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba hakuna fundi aliyezaliwa fundi. Ni kweli, wala sina nia ya kuidharau subira, kwa kuwa bila yake hapana sanaa yoyote ya mikono iliyopata kusimama. Walakini subira ni deni lenye pande mbili, na mimi nadai kwa dhati kwamba ujira mdogo wa mwanagenzi ni halali kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba upungufu wa fedha ufidiwe kwa maarifa, tena maarifa yanayotolewa kwa mpango na kwa muhula unaojulikana tangu siku ya kwanza. Na pale ambapo kijana hulipwa kidogo na kufundishwa kidogo vilevile, jina la jambo hilo si uanagenzi, ni dhulma.

Nami nasema kwa kuwa niliyaonja. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya matbaa niliwekwa kwenye kufunga vitabu vya stakabadhi, na siku moja nikakata rimu nzima kwa upande usiofaa, vitabu vikajikunja migongo kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, nikakatwa ujira wa majuma mawili. Kukatwa fedha sikukuchukia sana. Kilichonichoma moyo ni kwamba hakuna aliyenionesha kosa lilipokuwa. Miaka miwili baadaye, mzee mmoja mahali pengine alichukua karatasi, akaichana kwa urefu ikachanika sawasawa kama uzi, akaichana kwa upana ikaenda mshazari, akaniambia kwamba karatasi ina mkondo wake kama ubao ulivyo nao, na kwamba kitabu hutulia pale tu mkondo unapofuata mgongo. Somo hilo lilichukua muda usiofika wa kunywa kikombe cha chai. Lau ningalipewa siku ile ya kwanza, rimu ingalinusurika, na ujira wangu pia.

Sanaa ya chapa katika nchi zetu imejengwa na wanagenzi tangu asili yake. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipohamia Unguja mwaka 1864, haukupita muda mrefu ila matbaa ilikuwa imewekwa, na miongoni mwa waliopanga herufi zake walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani. Na gazeti la Kiongozi lilipoanza kutoka Tanga mwaka 1904, lilichapwa katika shule ya serikali, ambako wanafunzi walifundishwa kazi hiyo sambamba na kusoma na kuandika. Hata Benjamin Franklin wa Marekani alitiwa katika matbaa ya kaka yake mjini Boston mwaka 1718, naye akiwa na miaka 12, kwa hati iliyomfunga hadi atimize miaka 21 na kumwahidi ujira kamili katika mwaka wa mwisho tu. Hati hiyo ilikuwa nzito, naye aliitoroka mwaka 1723. Lakini alipofika Philadelphia na fedha kidogo tu mfukoni, alikuwa na ufundi uliomlisha, kwa maana ufundi huo alikuwa amefundishwa kweli.

Turudi Nyakanazi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi katika kazi za viwanda na biashara, na tangu hapo kima kimepandishwa. Shilingi 3,000 kwa siku 26 ni 78,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kile kima cha zamani, na humo kijana atoe kodi ya chumba, chakula cha mama ntilie, na cha kumpelekea mama yake kijijini Nyakahura. Hata hivyo insafu yanitaka niseme kwamba fundi wake naye si tajiri. Wino na karatasi huvifuata Mwanza. Kadi za harusi humjia kwa msimu. Na kazi kubwa, ambazo ndizo zingeweza kulipa mishahara, humpita barabarani zikienda kuchapwa mijini. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Hapa ndipo halmashauri zetu za Ngara na Biharamulo zinapohusika. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mitihani ya majaribio ya shule, mabango ya afya, fulana za Mwenge, vyote hivyo ni karatasi, nguo na wino. Hata ule udhuru wa umeme, uliotusumbua miaka mingi wakati miji yetu ikitegemea majenereta ya dizeli, umepungua nguvu: maporomoko ya Rusumo, yaliyo mpakani mwa wilaya ya Ngara, sasa yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa baina yetu na Rwanda na Burundi. Kazi ipelekwe kwa matbaa za wilayani, na iwe sharti la zabuni kwamba mwenye matbaa awe na wanagenzi walioandikiana naye mkataba, unaotaja watafundishwa nini katika miezi 6 ya kwanza na nini katika 6 ifuatayo, na ujira utapanda lini. Kisha VETA, ambayo tayari huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo, iwafikie huku huku.

Kijana yule aliniuliza, "Mzee, niende Kahama? Wenzangu wameenda." Nikamuuliza nami mwezi huu amejifunza nini. Akafikiri, akasema amejua kuchanganya kijani ili kisigeuke cheusi kikikauka. Nikamwambia avumilie mpaka ajue kuandaa fremu mwenyewe tangu dawa hadi mwanga, lakini amwendee fundi wake jioni ile ile, kwa adabu, amwombe jambo hilo na tarehe yake waliandike.

Nilipokuwa naaga alikuwa ameweka fremu ya rangi ya pili juu ya fulana ya shule. Ikisogea unene wa ukucha tu, maandishi huonekana mawili mawili, na fulana hiyo hainunuliki. Alivuta mpira wa kusukumia wino mara moja, kwa mkono uliotulia, akainua fremu. Fundi alikuja mlangoni, akaitazama fulana kwa muda, akasema, "Haya, lete nyingine."